Naomba ushauri: mzee wangu alikuwa rubani kwenye Vita vya Kagera

Wakubwa shikamooni. Baba yangu alikuwa rubani wa ndege za kivita za JWTZ, akiruka kutoka Mwanza wakati wa vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, 1978 na 1979. Sasa ana miaka 76, macho yanafifia. Miaka yote hakutusimulia lolote, ila redio ikitaja Kyaka, kule Kagera vita vilikopiganwa, ananyamaza mpaka chakula kinapoa.

Mwezi uliopita alinitolea daftari lake la safari za angani, na ndani yake picha ya rubani mwenzake ambaye hakurudi. Mjane wa yule bwana yupo hai, na mzee anataka amwone kabla siku zake hazijaisha. Hapo ndipo ninapokwama: nimpeleke moja kwa moja, au nizungumze kwanza na watoto wa yule mama?

Nataka pia kumrekodi, lakini nianzie wapi bila kumtonesha kidonda? Na kama kuna mambo ya jeshi ambayo bado ni siri, kibali naomba wapi?

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, natamani afike Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya wapiganaji wa vita hivyo. Aliyewahi kumpeleka mzazi wake pale anieleze, maana barabara ni ndefu kwa mgongo wake.