Mnaofuta swali mkishajibiwa, mnadhani jibu lile lilikuwa lenu peke yenu?

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajisumbua kuificha. Kuna tabia imeota mizizi hapa kwetu na katika makundi ya WhatsApp na Telegram ya watengeneza programu. Mtu anakuja na tatizo lake, anauliza, watu waliotoka kazini wamechoka wanaacha mambo yao na kumsaidia bure, tatizo linakwisha, kisha anarudi kimyakimya na kulifuta swali, na majibu yote yanaondoka nalo. Wale wenye haya kidogo hawafuti. Wanalihariri swali mpaka linabaki nukta moja, au wanaandika "Nimeshapata, asanteni" na kuondoka. Umepata nini, ndugu? Umepata wapi? Mwenye shida kama yako atakayeukuta uzi huo mwakani akiwa na seva iliyokufa na mteja anayempigia simu kila baada ya dakika kumi, hiyo "nimeshapata" yako itamsaidia nini?

Nitoe mfano mmoja bila kumtaja mhusika, kwa sababu ugomvi wangu si na mtu mmoja. Kijana mmoja alikuwa anatengeneza duka la mtandaoni kwa Laravel (kiunzi cha kujengea tovuti kwa PHP), likipokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Ombi la malipo lilikuwa linatoka vizuri, kidirisha cha PIN kinatokea kwenye simu ya mteja, mteja anaweka PIN, pesa inakatwa, lakini taarifa ya matokeo haiingii kwenye mfumo wake. Swali lake, tuseme haki, lilikuwa zuri: alieleza alichokifanya, akaweka kipande cha msimbo, akaweka na alichokuwa anakiona kwenye kumbukumbu za seva. Maswali ya namna hiyo ni adimu, na ndiyo maana watu wa maana walimwitikia.

Wa kwanza kumjibu aliona haraka kwamba njia ya kupokelea matokeo (yaani anwani ambayo Safaricom huipelekea taarifa) ilikuwa imeandikwa ndani ya web.php, faili la njia za kurasa za kawaida. Njia zilizomo humo, ombi la POST likifika, Laravel hudai tokeni ya CSRF, alama ya siri inayoonyesha kwamba ombi limetoka kwenye kurasa za mfumo wenyewe, na seva ya Safaricom haina tokeni hiyo wala haina pa kuitoa. Kwa hiyo kila taarifa iliyokuja ilikuwa inarudishwa na namba 419, ya kukataliwa kwa kukosa tokeni, bila kuingia popote. Kijana alikuwa amejaribu njia hiyo kwa fomu aliyoiweka ndani ya mfumo wake mwenyewe, ikakubali, kwa kuwa fomu ile ilibeba tokeni, naye akahitimisha kwamba tatizo liko upande wa pili. Suluhisho lilikuwa kuihamishia njia hiyo kwenye api.php, faili la njia zinazoitwa na mifumo mingine, au kuiondoa peke yake katika ukaguzi huo wa CSRF, na si kuuzima ukaguzi mfumo mzima kama alivyokuwa ameshaanza kupanga.

Wa pili aliona jambo baya zaidi ambalo kijana hakuliuliza kabisa. Mfumo ulikuwa unaiandika oda kuwa imelipwa mara tu Daraja inapojibu ResponseCode yenye thamani ya 0. Sifuri hiyo inamaanisha tu kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Wakati huo mteja hata PIN hajaweka. Matokeo ya kweli huja baadaye katika ResultCode, kwenye taarifa ileile iliyokuwa haifiki, na mteja akibonyeza kughairi, namba inayokuja ni 1032. Maana yake duka lilikuwa tayari kumpelekea bidhaa mtu yeyote mwenye uwezo wa kubonyeza "ghairi". Wa tatu akaongeza kwamba taarifa moja inaweza kufika zaidi ya mara moja, kwa hiyo CheckoutRequestID, yaani utambulisho wa kila ombi la malipo, ihifadhiwe katika hifadhidata na iangaliwe kwanza kabla ya kuongeza salio la mtu, la sivyo malipo moja yatahesabiwa mara mbili.

Huo ulikuwa uzi bora kuliko mafunzo mengi ya kulipia niliyowahi kuyaona. Kesho yake haukuwepo. Nilipomuuliza, alinijibu faraghani, kwa adabu kabisa, kwamba bosi wake naye ni mwanachama hapa na hakutaka aone kwamba kazi aliyolipwa kuifanya aliombea msaada. Wiki chache baadaye akaja dada mmoja na swali lilelile la 419, neno kwa neno isipokuwa jina la duka, na safari hii hakuna aliyemjibu kwa kina. Wale watatu walishachoka, na siwalaumu. Aliyemwelekeza ni mimi, nilijibu kwa mistari mitatu nikiwa kwenye daladala, na ile habari ya ResponseCode sikuigusa, kwa sababu hakuiuliza.

Wapo watakaosema swali ni mali ya aliyeuliza na mwenye chake haulizwi. Swali ni lako, sawa. Majibu si yako. Mtu anayekaa saa nzima usiku akiusoma msimbo wa mtu asiyemjua, bila kulipwa hata bando alilolitumia, hafanyi hivyo kwa ajili ya macho yako mazuri. Anajua kwamba nyuma yako wapo wengine wenye shida hiyohiyo ambao hawajajitokeza, wengine hawajui hata namna ya kuiuliza, na anajibu mara moja ili asijibu mara mia. Ukilifuta swali, hujajifutia wewe: umeufuta usiku wa mtu mwingine, na umemlazimisha ama arudie kazi ileile ama anyamaze. Wengi sasa wamechagua kunyamaza, halafu tunakaa hapa tukilalamika kwamba wataalamu wa nchi hizi ni wachoyo wa elimu.

Jambo hili wenzetu waliliona mapema. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoanzisha Stack Overflow mwaka 2008, lengo lilikuwa kila swali libaki likisomwa na watakaolifikia kupitia Google miaka baadaye. Pale, swali likishapata jibu lililopigiwa kura ya kuungwa mkono, aliyeuliza hawezi tena kulifuta mwenyewe, na yanayoandikwa humo hutolewa kwa leseni ya Creative Commons ili yatumiwe na wote. Wakati mwingine wamevuka mpaka katika kulinda hilo: Mei 2024, baadhi ya wanachama walipoyaharibu majibu yao wenyewe kupinga mkataba wa tovuti hiyo na OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, majibu yalirudishwa na wao wakafungiwa akaunti kwa muda. Mimi naona walionewa, kwa kuwa aliyetoa kazi yake bure ana haki ya kulalamikia inakopelekwa. Lakini yule ni mtoaji. Mpokeaji ambaye hakutoa chochote isipokuwa tatizo lake anapata wapi nguvu ya kufuta?

Nije kwenye ndugu mkubwa wa tabia hii, yaani "mkuu, njoo PM", ujumbe wa faragha. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen, katika mwongozo wao maarufu wa namna ya kuuliza maswali, walishawakataza watu kuomba wajibiwe kwa barua pepe ya faragha, na sababu waliyoitoa haijazeeka: jibu linalotolewa hadharani linaweza kusahihishwa na anayejua zaidi. Nimewahi kuonyeshwa mazungumzo ya PM ambamo mtu mwenye XAMPP (seva ya majaribio ya kwenye kompyuta yako) kwenye Windows alikuwa anapata ile hitilafu namba 60 ya cURL, chombo ambacho PHP hukitumia kuwasiliana na seva nyingine, ya cheti cha usalama kisichothibitika. "Mtaalamu" wake wa faraghani akamwambia aweke CURLOPT_SSL_VERIFYPEER iwe false, basi, kazi imekwisha. Kweli ilikwisha, hitilafu iliondoka. Ilichoondoka nacho ni ukaguzi wa kwamba seva anayozungumza nayo ndiyo yenyewe na si ya tapeli aliyekaa katikati, na huo ulikuwa mfumo wa kupokea pesa za watu. Njia sahihi ilikuwa kupakua faili la cacert.pem, lenye orodha ya vyeti vinavyoaminika, na kuielekeza php.ini (faili la mipangilio ya PHP) kwenye faili hilo kupitia curl.cainfo, kazi ya dakika tano. Ushauri ule ungeandikwa hapa hadharani, ungerukiwa na watu wanne kabla chai haijapoa. Faraghani ulipita, ukaenda hewani, na sitashangaa kama uko hewani mpaka leo.

Mtaniambia siku hizi watu wanaiuliza ChatGPT, kwa hiyo nyuzi hizi zina kazi gani. Ni kweli, tangu ilipotoka Novemba 2022 maswali mapya kwenye Stack Overflow yamepungua sana. Lakini mashine hizo zimejifunza kutokana na yale yaliyoandikwa hadharani na watu. Kwa jambo la kawaida la JavaScript, maandishi yapo ya kutosha dunia nzima, na swali lako moja likifutwa halitaacha pengo. Sasa iulize habari za kusaini ujumbe wa GePG, mfumo wa malipo ya serikali ya Tanzania, ili upate namba ya malipo, au za kuunganisha mfumo wa mauzo na eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, uone inavyokujibu kwa kujiamini huku ikibuni majina ya vigezo. Haya ni mambo yetu, wanaoyajua kwa mikono yao ni wachache, nyaraka rasmi mara nyingi zinaishia kwenye PDF inayotumwa kwa mkono, na kilichoandikwa wazi ni kidogo mno. Katika mambo haya uzi mmoja ukifutwa, huenda ulikuwa ndio pekee. Na WhatsApp nako ni hivyohivyo hata pasipo kufuta, maana Google haifiki huko.

Sasa tuziangalie sababu zenu. Ile ya kwamba "bosi ataona", sina subira nayo sana. Bosi anayedhani mtengeneza programu hatakiwi kuuliza hajawahi kutengeneza programu, na kama unaogopa, fungua akaunti isiyo na jina lako, ubadilishe majina ya majedwali ya hifadhidata na ya mteja, uweke kipande kidogo tu kinachoonyesha tatizo. Kipande hicho kidogo ndicho tunachokuomba kila siku hata hivyo. Wanafunzi wanaofuta ili mhadhiri asiukute mradi wao wa mwaka wa mwisho, hao nawaachia wahadhiri wao.

Ile ya pili ina uzito: "nilikuwa nimeacha funguo zangu za siri kwenye msimbo." Hapo lazima uchukue hatua, lakini kufuta uzi si hatua. Funguo zikishakaa hadharani hata robo saa, zihesabu kuwa zimeshachukuliwa. Nenda ukazibatilishe na utoe mpya, kisha hariri mistari hiyo miwili na uache swali lililobaki. (Na kama ulizisukuma GitHub, kuzifuta katika commit inayofuata, yaani hifadhi inayofuata ya mabadiliko, hakusaidii, kwa sababu historia bado inazo.)

Ya tatu haisemwi wazi, nayo ni aibu. Hapa nawageukia baadhi ya wajibuji, kwa sababu lawama hii ni yetu pia. Kuna watu humu ambao jibu lao kwa anayeanza ni "kagoogle", au "wewe umesomea wapi", na wakishamaliza kucheka hawatoi hata mstari mmoja wa msaada. Aliyechekwa hivyo hatauliza tena hadharani. Atakwenda PM, au atauliza na kufuta kabla hajaonekana na watu wengi. Mkitaka maswali yabaki, acheni kuyageuza kuwa kichekesho. Asiyetaka kujibu apite tu, kukaa kimya hakugharimu bando.

Wasimamizi, ombi langu kwenu ni dogo na mitambo yenu inaliweza: uzi ukishapata jibu, aliyeufungua asiweze kuufuta wala kuuhariri hadi ukabaki nukta. Anayetaka kuondoa siri awaandikie ninyi, muondoe mistari husika tu. Na wale mlioandika "nimeshapata" mkaishia hapo, nyuzi zenu bado ziko wazi, rudini muandike mlichokipata, hata sentensi mbili.

Mkilikubali ombi hili au msilikubali, mimi nimeshaamua langu. PM za kuomba msaada sizijibu tena, ya nani iwe ya nani. Hapa hadharani nitaendelea kujibu, ila kila nitakapojibu nitalinukuu kwanza swali lako lote pamoja na msimbo wake ndani ya jibu langu, ili ukifuta lako, langu libaki na watu waelewe lilikuwa linajibu nini. Kwa hiyo toa funguo zako kabla hujabonyeza kutuma, kwa sababu nikishanukuu siondoi.