Mbona fainali ya wapinzani walewale ilitukinaisha, ilhali Simba na Yanga hatuwachoki?

Jirani wa Upanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na naomba wenye kumbukumbu nzuri za mpira wa kikapu wanisaidie, kwa sababu kila ninapolijibu mwenyewe jibu langu huniponyoka.

Kuanzia mwaka 2015 hadi 2018, fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilichezwa na timu mbili zilezile kwa misimu minne mfululizo, Golden State Warriors na Cleveland Cavaliers, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ligi hiyo. Hapa Upanga tulikuwa watu kumi na mmoja tuliokutana sebuleni kwangu. Mechi nyingi zilianza saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na zile za Jumapili ya kwao zilianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu yetu. Asiyetaka kukaa chini alikuja na kiti chake cha plastiki kichwani, na mwenye chupa ya chai hakuiacha nyumbani.

Mwaka 2016 fainali iliangukia mwezi wa Ramadhani, tukawa tunakula daku huku macho yako kwenye luninga. Bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne; Golden State waliongoza kwa mechi tatu kwa moja, na mpaka wakati huo katika fainali hakuna timu iliyowahi kupindua hali ya namna hiyo. Mwenzetu mmoja, mtumishi wa wizara, alishikilia kwamba Cleveland watarudi, nami nikawekeana naye ahadi kwamba atakayeshindwa atafuturisha kikundi kizima. Katika mechi ya saba, matokeo yakiwa 89 kwa 89, LeBron James wa Cleveland alimkimbiza Andre Iguodala wa Golden State mpaka akaubandika mpira wake ubaoni, kisha mwenzake Kyrie Irving akatupa pointi tatu mbele ya uso wa Stephen Curry wa Golden State, na Cleveland wakashinda 93 kwa 89. Jioni ile nilifuturisha watu kwa mihogo ya nazi, tambi na uji wa pilipili manga, na yule bwana aliniita "mpishi" mpaka Idi.

Mwaka uliofuata tulibaki watano. Mwaka 2018 mechi ya kwanza niliitazama peke yangu, sauti nimeipunguza nisimwamshe mtoto, na mechi ya nne, ambayo Golden State walishinda 108 kwa 85 na kumaliza kazi kwa mechi nne bila, ilinipita nikiwa usingizini. Sikujuta hata kidogo, na hilo ndilo lililonishangaza.

Sasa naomba mnieleze. Simba na Yanga hukutana kila msimu tangu kabla sijazaliwa, na sijaona mtu wa Dar es Salaam aliyesema amekinai. Kwa nini wale wengine walituchosha ndani ya miaka minne tu?

Mzee wa Kurasini

Kijana wangu, kwanza niruhusu nikurekebishe. Warriors na Cavaliers hawakuwa watani wa jadi; walikuwa wapinzani waliokutana mara nyingi kwa muda mfupi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Watani wa jadi wa kikapu cha Marekani ni Lakers na Celtics, ambao wamekutana fainali mara kumi na mbili, Celtics wakichukua tisa. Kati ya 1959 na 1969 Lakers walipoteza fainali saba, zote mbele ya Celtics. Ule wa mwisho, mwaka 1969, mwenye timu ya Lakers aliamuru maputo yaning'inizwe darini ili yaangushwe wakishaushangilia ubingwa, na Celtics wakashinda mechi ya saba ugenini 108 kwa 106 maputo yakiwa bado yako juu. Jerry West wa Lakers alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali ile ingawa timu yake ilishindwa, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa upande ulioshindwa.

Kama kurudiarudia peke yake kungekinaisha, watu wa Los Angeles wangekuwa wa kwanza kulala. Hawakulala kwa sababu walikuwa na deni. Mwaka 2008 walipokutana tena, Celtics walimaliza kazi kwa kuwapiga Lakers 131 kwa 92, matokeo ambayo sisi huku tungeyafananisha na zile tano bila za Mei 2012 ambazo Yanga hawapendi kukumbushwa (mimi ni Yanga, kwa hiyo nayaandika haya kwa uchungu). Miaka miwili baadaye Lakers wakapata nafasi ya kulipa.

Nitakusimulia usiku ule, kwa sababu nao unahusu swali lako. Ilikuwa tarehe 17 Juni 2010, Kombe la Dunia likiendelea Afrika Kusini. Jioni tulikuwa kwenye kibanda umiza hapa mtaani, tumejazana kama dagaa, tukiitazama Nigeria ikifungwa 2–1 na Ugiriki baada ya mchezaji wao mmoja kutolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza. Nilipowaambia vijana kuwa alfajiri kuna mechi ya saba ya Lakers na Celtics, walinitazama kama mtu anayewaalika kwenye kikao cha mirathi. Niliamka peke yangu. Na kusema kweli, mchezo wenyewe ulikuwa mbaya kwa macho: Kobe Bryant wa Lakers alipata mitupo 6 tu kati ya 24, hakuna aliyeona kikapu, na Lakers wakashinda 83 kwa 79 kwa kunyang'anyana ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu. Hata hivyo sikupepesa jicho. Nilijua nini kinalipwa pale.

Golden State na Cleveland deni lao lililipwa mwaka 2016, tena mbele yako. Baada ya hapo nyota Kevin Durant akajiunga na Golden State, timu ambayo tayari ilikuwa imeshinda mechi 73 katika msimu wa kawaida, na katika mechi za mtoano za 2017 wakashinda 16 na kupoteza moja. Hapo mizani ilishavunjika. Mtu hapiti dukani kutazama mizani iliyovunjika.

Mwalimu wa Kikapu

Shikamoo Mzee wa Kurasini. Nakubaliana nawe kuhusu mizani, lakini naona haitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Simba na Yanga nao wamekuwa na vipindi ambavyo upande mmoja ulikuwa dhaifu waziwazi. Novemba 2023 Yanga walishinda 5–1. Je, watu wa Simba waliacha kufuatilia? Walijificha siku mbili tatu, wakapita njia za nyuma kwenda kazini, kisha wakarudi. Kama mizani ndiyo sababu, basi hata sisi tungekuwa tumechoka siku nyingi.

Kisingizio cha usingizi nacho hakisimami, maana fainali za 2017 na 2018 nazo ziliangukia Ramadhani, na nyumba nyingi za mji huu zilikuwa macho kwa ajili ya daku wakati mpira unarushwa. Watu walikuwa wameamka na bado hawakuwasha luninga.

Mimi hufundisha kikapu wasichana wa sekondari huku Temeke, na nitatoa mfano wa kinyume. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Msimu ule nilifahamu watu wazima walioamka usiku kutazama mechi za Memphis zisizo na maana yoyote kwenye msimamo, wakisubiri dakika chache ambazo Hasheem angeingia uwanjani, na wakati mwingine hakuingia kabisa. Hapakuwa na fainali wala uhasama. Kulikuwa na mtu wetu tu, na asubuhi kulikuwa na la kuzungumza kituoni. (Wapo wanaomcheka hadi leo kwa sababu Curry alikuja kuwa Curry. Mimi nawauliza ni Watanzania wangapi wengine waliowahi kuvaa jezi ya ligi ile.)

Ninachotaka kusema ni kwamba tunalitumia neno "watani" bila kulisikiliza. Utani haukai kwenye jezi, unakaa baina ya watu wanaoonana. Yanga akifungwa, kondakta wa daladala atakukumbusha, muuza kahawa naye hataacha, na shemeji yako atapiga simu ambayo kwa kawaida hapigi. Hata katika ligi yetu ya mkoa, ukikaa viwanja vya Don Bosco pale Upanga siku ya mechi kali, mshabiki wa upande wa pili yuko karibu kiasi kwamba akikutania mate yanakufikia. Cleveland akifungwa, nani wa Dar es Salaam atakosa usingizi? Nani atakayekudai? Mechi inabaki kuwa namba kwenye ubao.

Mpenda Takwimu

Naomba niweke jambo moja sawa, kwa sababu mjadala unakwenda kana kwamba dunia nzima ilichoka. Huko Marekani fainali ya 2017, ile ya tatu, iliyokwisha kwa mechi tano na ambayo kila mchambuzi aliilalamikia, ilipata wastani wa watazamaji zaidi ya milioni 20, na ilikuwa fainali iliyotazamwa zaidi kuliko zote tangu ile ya 1998, ya mwisho ya Michael Jordan akiwa na Chicago Bulls. Idadi ilishuka ilipofika ya nne. Kwa hiyo kulalamika kuwa umechoka na kuzima luninga ni vitendo viwili, na wenzetu walilalamika mwaka mzima kabla hawajazima.

Pia tusiipambe sana zamani. Mwaka 1980, Magic Johnson akiwa katika msimu wake wa kwanza alicheza nafasi ya mtu wa kati badala ya Kareem Abdul-Jabbar aliyeumia, akafunga pointi 42 na kuipa Lakers ubingwa dhidi ya Philadelphia, lakini miji mingi ya Marekani iliiona mechi hiyo usiku wa manane kwa mkanda uliorekodiwa, kwa kuwa kituo cha televisheni hakikuona sababu ya kuirusha moja kwa moja. Miaka minne baadaye Magic na Larry Bird wa Celtics walipokutana fainali, hakuna aliyethubutu kufanya hivyo. Jezi za Lakers na Celtics zilikuwepo miaka yote. Waliobadilika ni watu waliokuwa ndani yake.

Kijana wa Ubungo

Wakubwa, shikamooni. Mwaka 2018 nilikuwa na miaka kumi na miwili na ile ndiyo fainali yangu ya kwanza kuiona. Katika mechi ya pili Curry alifunga mitupo tisa ya pointi tatu, rekodi ya fainali wakati huo, nami nilikwenda shule sijalala, nikitupa karatasi kwenye ndoo ya taka mpaka mwalimu akanitoa nje. Kwangu haikuwa mara ya nne. Ninaomba mlizingatie hilo kabla ya kuihukumu fainali yenyewe.

Jirani wa Upanga

Nawashukuru nyote, na kijana wa Ubungo nimemsikia. Aendelee kutupa, ila karatasi zisiwe za mtihani.

Mwalimu, maneno yako yalinifanya nikae chini jana usiku nikaorodhesha wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na mbele ya kila jina nikaandika timu aliyoishabikia. Tisa walikuwa Golden State, mimi nikiwamo. Mmoja alikuja kwa ajili ya chai na hakuwahi kuficha jambo hilo. Cleveland alikuwa mmoja tu, yule bwana wa wizara aliyeniita mpishi. Serikali ilipohamia Dodoma naye alihama na ofisi yake mwanzoni mwa 2017, na miezi michache baadaye ndipo viti vya plastiki vilipoanza kupungua sebuleni kwangu. Miaka yote hii sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilidhani tumechoshwa na Durant.

Nilimpigia simu. Tulikuwa hatujazungumza tangu msiba fulani wa mwaka juzi. Baada ya salamu za nyumbani nilimuuliza kama aliitazama fainali ya 2018, akasema aliitazama mechi ya kwanza tu. Wenye kumbukumbu wataikumbuka: LeBron alifunga pointi 51, matokeo yakawa 107 kwa 107, mwenzao George Hill akakosa mtupo huru wa pili, J.R. Smith akaudaka mpira zikiwa zimebaki sekunde nne na ushee, na badala ya kutupa akakimbia nao kuelekea katikati ya uwanja kana kwamba wanaongoza, mpaka muda ukaisha. Cleveland walipoteza katika dakika za nyongeza, 124 kwa 114.

Nami niliiona mechi hiyo, na nilicheka peke yangu gizani huku nikijiziba mdomo, mtoto asiamke.

Yeye anasema alivaa nguo za kazi, akaiweka simu mezani, na akaisubiri simu yangu mpaka saa nne asubuhi.