Kupima kiasi cha madini ya fedha katika koloidi ya kupaka vyungu vya kuchujia maji

Mfinyanzi, Kalenga (Iringa)
Habari zenu, ndugu. Ninafinyanga vyungu vya kuchujia maji kwa udongo na vumbi la mbao, na baada ya kuvichoma huvipaka koloidi ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo mno za fedha zinazoelea ndani yake, ili kudhibiti bakteria. Koloidi naitengeneza mwenyewe kwa kupitisha umeme wa betri kwenye vijiti viwili vya fedha halisi vilivyotumbukizwa katika maji yaliyokenekwa. Kipima TDS, kile kifaa cha kukadiria vitu vilivyoyeyuka majini, kinaonyesha 8. Je, naweza kuandika kwenye chupa kwamba ni miligramu 8 kwa lita?

Fundi wa maabara, Mbeya
Ndugu yangu, usiandike hivyo. Kipima TDS hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha hukadiria chumvi iliyomo. Ioni za fedha, yaani atomi zilizoyeyuka zikiwa na chaji ya umeme, hukiathiri, lakini chembe zenyewe, ambazo ndizo koloidi, hakizitambui.

Kanuni ya Faraday, inayokokotoa fedha iliyotoka kwenye kijiti kutokana na umeme uliopita, itakufaa zaidi. Unganisha multimita (kifaa cha kupima umeme) kwa mfuatano na vijiti, andika mkondo kila baada ya dakika chache kwa kuwa hupanda kadiri ioni zinavyoongezeka, kisha tafuta wastani. Miliampia 1 ikipita kwa saa 1 huondoa takriban miligramu 4 za fedha kwenye kijiti chanya, hivyo wastani wa miliampia 2 kwa saa moja na nusu katika lita 1 ni miligramu 12. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwa maana ule utando mweusi unaoganda kwenye kijiti hasi, pamoja na unga unaotuama chini, ni fedha isiyokuwemo tena majini.

Mwalimu wa kemia, Tukuyu
Naongezea. Mwali wa leza ukionekana ndani ya chupa gizani, chembe zimo, ila hausemi ni kiasi gani. Punje za chumvi katika sampuli ndogo zikileta wingu jeupe, ioni zimo. Mizani ya jikoni haisaidii kitu hapa.

Mfinyanzi, Kalenga
Ahsanteni sana. Baadhi ya wateja huniomba koloidi ya kunywa. Nifanyeje?

Fundi wa maabara, Mbeya
Wakatalie. Haijathibitishwa kutibu ugonjwa wowote, na fedha ikijilimbikiza mwilini huigeuza ngozi kuwa ya kijivu isiyoondoka tena.

Kwa uhakika, ulizia kipimo katika ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Mbeya. Sampuli ichanganywe kwanza na asidi ya naitriki ili chembe ziyeyuke na kuhesabiwa. Peleka pia maji yaliyopita kwenye chungu, ambayo fedha yake isizidi miligramu 0.1 kwa lita.