Tetesi za shirika letu la ndege kuunganishwa na jingine: sisi wa chama tuko salama au ndo tunaanza upya?

RostaYaUsiku aliuliza:

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye shirika la ndege lililounganishwa na jingine, au anayefuatilia haya mambo kwa karibu. Mimi ni kabin kruu, yaani mhudumu wa ndani ya ndege, mwanachama hai wa chama cha wafanyakazi, na nimekaa kwenye orodha ya senioriti (nani alitangulia kazini) kiasi kwamba saivi nachagua safari na likizo badala ya kuokota zilizobaki. Sasa tangu hizi tetesi zianze kwamba tutauzwa au tutaunganishwa na shirika kubwa zaidi, kazini hakukaliki. Menejimenti haikatai wala haikubali, jibu lao ni moja tu, hatuzungumzii uvumi. Lakini mezani ni hao hao, mkataba wetu wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, umeshapitwa na muda na kila tukikutana kujadili mpya wanasema tusubiri kwanza hali ya kampuni ieleweke, sasa kama ni uvumi tunasubiri nini? Wenzangu wadogo wameanza kutafuta kazi kwingine, wakubwa wanasema tusaini chochote kilichopo mezani kabla mnunuzi hajafika.

Ninachotaka kujua, mashirika yakiungana senioriti yangu inaenda wapi? Chama chetu kinabaki au kinamezwa? Na kipindi hiki cha tetesi kuna la kufanya au tunakaa tu mpaka watutangazie?

---

KitiChaKushoto alijibu:

Pole sana mkuu, hali hiyo naijua, nimestaafu urubani lakini muungano niliupitia. Watu huhangaikia mshahara kwanza ila kinachokuja kuuma miaka na miaka ni orodha. Kwenye ndege senioriti ndo kila kitu, unaruka ndege gani, unakaa kituo gani, sikukuu uko nyumbani au uko angani, na siku ya kupunguza watu nani anatangulia kutoka. Orodha mbili zikiwekwa pamoja hakuna mpango utakaomridhisha kila mtu. Chukua shirika changa linalokua haraka, pale mtu anakuwa kepteni ndani ya miaka michache, wakati shirika kongwe lililodumaa mwenye miaka 15 bado ni rubani msaidizi. Mkipanga kwa tarehe ya kuajiriwa wale wa shirika changa wanashuka, mkipanga kwa uwiano wa nafasi ambayo kila mtu alikuwa nayo wale wakongwe wanaona miaka yao imetupwa. Kwa wahudumu afadhali kidogo, AFA, chama cha wahudumu wa ndege cha Marekani, kwa mfano sera yake ni tarehe ya kuajiriwa basi, marubani ndo wanaoraruana zaidi.

Tukio baya kuliko yote ninalolijua ni shirika la American Airlines lilipolichukua shirika la TWA kule Marekani mwaka 2001. Wahudumu wa TWA walibandikwa mkiani kabisa mwa orodha ya American, mtu ana miaka zaidi ya 20 angani anawekwa chini ya mtu aliyeajiriwa juzi. Yakaja mashambulizi ya Septemba 11, kampuni ikaanza kupunguza kuanzia chini kama kawaida, na kufikia 2003 wengi wao wakawa nje. Uchungu wa pale ndo uliozaa sheria ya McCaskill-Bond ya mwaka 2007, jina la maseneta wawili wa Missouri ambako TWA ilikuwa na kituo chake kikuu St. Louis. Inasema orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, mkishindwa kuelewana inakwenda kwa mwamuzi.

Lakini mwamuzi naye hamalizi kila kitu. Mashirika ya US Airways na America West yaliungana 2005, marubani wa pande zote mbili walikuwa chama kimoja cha marubani, ALPA. Mwamuzi akatoa orodha yake 2007, wale wa US Airways ya zamani wakaikataa kabisa, na kwa kuwa walikuwa wengi zaidi wakaing'oa ALPA kwa kura mwaka 2008 na kuunda chama chao, USAPA. Kesi zikafuata kesi. Kampuni ikaendelea kuwalipa kwa mikataba miwili ya zamani, na mkataba mmoja haukupatikana mpaka muungano mwingine ulipokuja, ule wa US Airways na American wa 2013. Hebu fikiria miaka yote hiyo nyongeza iliyopotea, na aliyefaidika na ule ugomvi alikuwa nani kama si mwajiri.

Linganisha na muungano wa mashirika ya Delta na Northwest 2008. Marubani wa pande zote walikaa chini mapema, mkataba wa pamoja ulikuwa tayari kabla muungano haujafungwa mwezi Oktoba, na suala la orodha likapelekwa kwa waamuzi likaisha Desemba mwaka ule ule. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni hili, senioriti yako inakwenda pale ambapo vyama vyenu viwili vitaipeleka.

---

SpanaNambaKumi alijibu:

Mkuu KitiChaKushoto umesema vizuri ila Delta na Northwest usiishie kwa marubani. Wahudumu wa Northwest walikuwa na chama, wa Delta hawakuwa nacho. Baada ya kuungana ilibidi wapige kura wote pamoja mwaka 2010, upande wa chama ukashindwa kwa tofauti ndogo sana, na wale waliotoka Northwest wakapoteza chama na mkataba walioujenga kwa miongo mingi. Hilo ndo jibu la swali la pili la ndugu yetu. Cha kuuliza leo kabla ya kesho ni kwamba hilo shirika linalotajwa, wenzenu wa kada yenu wana chama? Kipi? Wako wangapi kulinganisha na nyie? Maana mashirika yakishakuwa kitu kimoja kwa kawaida kada moja inabaki na chama kimoja, na huamua wengi. Kama wao ni wengi na hawana chama kazi yenu ya kuwashawishi inaanza sasa hivi, si siku ya kura.

Mimi ni fundi, na kwa mafundi hofu ni tofauti kidogo. Rubani wanamhitaji kila ndege inaporuka, sisi wakiona karakana mbili zinafanya kazi ileile wanafunga moja au wanatoa matengenezo makubwa kwa kontrakta. Kwahiyo senioriti nzuri kwenye karakana iliyofungwa haikusaidii kama huwezi kuhama. Nyie kabin angalieni vituo, mkataba unasema nini kituo kikifungwa, gharama za kuhama analipa nani, na muda wa notisi ni upi.

Sasa hili la kusubiri. Kipindi cha tetesi ndo kipindi ambacho chama kina nguvu kuliko wakati wowote, na watu wengi hawalioni hili. Muungano haujasainiwa, kila upande unatafuta marafiki, mnunuzi anaogopa kurithi wafanyakazi wenye hasira na wakopeshaji wanaogopa migomo. American walipokuwa chini ya ulinzi wa mahakama ya ufilisi, menejimenti ilitaka kampuni itoke peke yake bila kuungana na mtu. Vyama vitatu, vya marubani, wahudumu na wafanyakazi wa ardhini, vikaenda vyenyewe kuzungumza na US Airways na mwezi Aprili 2012 vikatangaza hadharani kwamba vinaunga mkono muungano, masharti ya mikataba yakiwa yameshakubaliwa. Muungano ukaja kutokea kweli. Na upande mwingine, mwishoni mwa 2006 US Airways hiyo hiyo ilitaka kuinunua Delta kwa nguvu, wafanyakazi wa Delta wakasimama kuipinga pamoja na uongozi wao na Januari 2007 ofa ikaondolewa. Kwa hiyo wanaosema mfanyakazi hana usemi mpaka wakubwa wamalize hawajaangalia historia.

Na hao wenzako wanaosema msaini chochote, naomba uwaambie wasome kwanza. Nyongeza ya mshahara bila kipengele cha mrithi ni hasara. Mkataba unatakiwa useme wazi kwamba yeyote atakayeinunua kampuni atafungwa na mkataba huu huu, na asipokubali hilo kampuni haina ruhusa ya kuuza. Kama hakipo kwenye mkataba wa sasa basi hicho ndo cha kupigania kabla ya kitu kingine chochote.

---

MlangoWaMbele alijibu:

Nakubaliana na wengi hapa ila niongeze pande mbili ambazo zimesahaulika.

Kwanza siyo kila nchi ina sheria ya senioriti kama Marekani. Ulaya kuna direktivu, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya, ya 2001 inayosema biashara ikihamishiwa kwa mwajiri mpya mikataba ya watu inahama nayo na hairuhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu tu ya huo uhamisho. Inasikika vizuri, lakini kama mnunuzi amenunua hisa tu, mwajiri kisheria hajabadilika, kwa hiyo ile kinga haifanyi kazi kabisa. Na hata mkihama salama, kupunguzwa kwa sababu za kiuchumi bado kunaruhusiwa. Shirika la Iberia la Hispania liliungana na British Airways 2011 chini ya kampuni mama ya IAG, mwaka uliofuata ukaja mpango wa kukata kazi 4,500 kule Iberia. Watu wakagoma, ndege zikasimama, mpatanishi akaishusha namba hadi 3,141. Mgomo ulisaidia, lakini 3,141 bado ni watu.

Pili, tusiwe na mawazo kwamba kupinga muungano ndo msimamo wa chama siku zote. Shirika la JetBlue la Marekani lilipotaka kulinunua shirika la Spirit kwa dola bilioni 3.8 vyama vyenyewe viligawanyika, AFA wakaunga mkono na TWU, chama cha wafanyakazi wa usafiri, wakapinga. Jaji akazuia Januari 2024 kwa sababu ya nauli na ushindani, na kwa abiria ilionekana ni ushindi. Lakini Spirit ikaomba ulinzi wa ufilisi Novemba mwaka huo huo, ikatoka, ikarudi tena Agosti 2025, na katikati ya hapo marubani na wahudumu wakawa wanapelekwa nyumbani makundi kwa makundi. Kwa hiyo kabla ya kupiga kelele za hapana, chama kitafute mtu wa hesabu aangalie vitabu vya kampuni. Kama peke yenu hamfiki mbali, muungano wenye masharti mazuri ni afadhali kuliko kubaki na uhuru wa kufilisika.

Na kwenye muungano wa mashirika ya Alaska na Hawaiian uliofungwa Septemba 2024 tuliona jambo jingine, kazi za walio kwenye vyama ziliahidiwa kulindwa na waliobaki na wasiwasi mkubwa ni wale wa ofisini wasio na chama. Hilo waambie hao wadogo wanaotaka kuacha kulipa ada ya uanachama.

---

RostaYaUsiku alijibu:

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote na nimeanza kuuliza kuhusu hilo shirika jingine, kumbe wenzetu wana chama chao na ni wengi kutuzidi, ila kipengele cha mrithi kwenye mkataba wetu hakipo. Swali la mwisho, mkataba wetu muda wake umeisha, je mnunuzi akija leo tunahesabika hatuna mkataba? Na nimesikia shirika la United lilichukua muda mrefu sana kuwaunganisha wahudumu, ni kweli?

---

SpanaNambaKumi alijibu:

Inategemea sheria ya nchi ndugu yangu. Marekani mkataba wa ndege haufi tarehe ikipita, unaendelea kufanya kazi mpaka mpya upatikane au hatua zote za usuluhishi ziishe, sehemu nyingine unakufa siku ile ile. Mwambieni mwanasheria wa chama ajibu hilo kwa maandishi wiki hii, msikubali jibu la mdomo.

United ni kweli kabisa. Muungano na shirika la Continental ulifungwa 2010, wahudumu wakapata mkataba mmoja 2016, na mpaka 2018 wale wa pande mbili walikuwa hawachanganywi kwenye ndege moja, kampuni moja na sare moja lakini makundi mawili. Ndo maana nasema msisubiri. Wenzenu kuwa wengi siyo balaa, wapigieni viongozi wao simu sasa hivi wakati bado hakuna aliyepoteza namba yake kwenye orodha, mkubaliane kwa maandishi mambo mawili tu, kwamba orodha itaunganishwa kwa njia gani, na kwamba hakuna upande utakaosaini na menejimenti peke yake.