Gongo la mahindi: lipewe leseni au tuendelee kukimbizana na migambo?

Mwana Ipuli: Wadau, migambo wamepita tena mtaani kwetu hapa Tabora, mapipa ya gongo yamemwagwa mtaroni na mama wa watu kaondoka nao. Tangu Sheria ya Moshi (yaani gongo) ya 1966 kunereka bila leseni ni kosa, na kila mtaa unajua nani anapika. Marekani wiski ya mahindi ina kanuni zake, mahindi yasipungue asilimia 80 ya nafaka, inauzwa dukani na lebo. Kwa nini mpishi wetu naye asipewe leseni ndogo, apimwe, alipe ushuru? Hilo la mahindi nimelionja: linashuka taratibu, harufu ya hindi la kuchoma inabaki mdomoni. Siyo lile la ndizi la Kigoma linalokwangua koo.

Kibirizi: Ulikuwa unakwenda vizuri mkuu, mwisho umeharibu. Tabora mmeanza lini kuonja? Mnaziba pua, mnapiga kikombe cha plastiki, mnalala chini ya mwembe. La ndizi la Kasulu ukitikisa chupa povu linajipanga shanga shanga. Ndiyo nguvu hiyo.

Binti Sikonge: Povu linakuonyesha nguvu, usalama halionyeshi. Na kwa taarifa yako ndizi ina pektini, ile inayogandisha jemu, ikiumuka inatoa methanoli, pombe ya kupofusha, nyingi kuliko nafaka. Ingawa mauaji makubwa huwa si ya ndizi wala mahindi, ni muuzaji kachanganya methanoli ya kiwandani ili kitu kikolee. Mleta mada naye amalizie habari yake: huko huko Marekani kunereka pombe kali bila kibali cha serikali ni kosa.

Mzee Kiloleni: Methanoli mnaisumbukia bure. Mwaga kidogo kwenye kijiko, washa kiberiti. Moto wa bluu, kunywa.

Binti Sikonge: Shikamoo mzee wangu. Methanoli nayo inawaka bluu, tena mchana moto wake huuoni vizuri. Hicho kipimo kinapofusha watu.

Mzee Kiloleni: Marahaba. Nakunywa tangu enzi za Mwalimu na hapa nakusoma bila miwani.

Kibirizi: Kuna mtu kasema ndizi ni sumu? Nimesomeshwa kwa pipa la ndizi la mama mimi, kuanzia la kwanza mpaka chuo. Dada futa kauli.

Binti Sikonge: Neno sumu liko wapi? Soma taratibu.

Kibirizi: Umemgusa mama yangu.

Mlalahoi Nzega: Mnagombea koo wakati mwezi wa pili debe la mahindi halishikiki. Watoto wanakunywa uji wa chumvi, baba kabeba debe kwenda kuloweka. Leseni ya nini hapo?

Mama Pipa: Mwanangu wa Nzega, hujawahi kupika, kwa hiyo nisikilize. Debe zima siloweki. Naloweka kidogo kwenye kiroba, yakichipua naanika, nasaga, hicho ndicho kimea. Bila kimea uji wako wa mahindi utabaki uji, sukari haitoki. Nachanganya na pumba ambayo ungempa nguruwe. Inaumuka mpaka inaacha kuchemka na ukiilamba utamu umekwisha. Hapo ndipo pipa linapanda motoni, moto wa kubembeleza, mrija unapita kwenye maji baridi, na maji yakipata joto nayabadilisha maana mvuke hautageuka. Kikombe cha kwanza namwaga, kinanuka kama rangi ya kucha. Mrija wangu ni wa shaba. Wanaotumia rejeta ya gari wanawanywesha risasi, hao muwakamate. Leseni nikipewa naichukua kesho, ila nani atalipa gharama za kupima? Mimi wa pipa moja?

Mwana Ipuli: Hilo ndilo la kujadili, mama. Kenya waliruhusu chang'aa, gongo lao, 2010.

Mlalahoi Nzega: Na 2014 wakazikana kwa makumi. Umeruhusu, umepata nini?

Mwana Ipuli: Walikunywa kitu kilichochanganywa methanoli, mkuu. Chang'aa yenye leseni inaingiaje hapo?

Mlalahoi Nzega: Viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, vilikuwa na leseni, lebo na nembo, bado serikali ikavipiga marufuku Machi 2017. Lebo haikumzuia kijana wa bodaboda kunywa saa mbili asubuhi.

Binti Sikonge: Na baada ya viroba kuondoka huyo kijana alihamia wapi? Kwa Mama Pipa.

Mama Pipa: Kwangu asubuhi siuzi. Usinitaje.

Kibirizi: Mama heshima yako, umepika vizuri. Lakini suala la kuonja halijajibiwa. Nasema hivi: napanda treni na chupa yangu ya Kasulu, mleta mada alete yake, tukutane stesheni Tabora. Kisha tuone nani koo limekwanguliwa.

Mwana Ipuli: Mada ni leseni jamani.

Kibirizi: Anaogopa.

Mwana Ipuli: Njoo. Uje na maji ya kunywa.

Mzee Kiloleni: Mwamuzi ni mimi. Sina upande.

Mama Pipa: Mwamuzi anadaiwa chupa tatu hapa kwangu. Alipe kwanza ndipo aonje.

Mzee Kiloleni: Mambo ya madeni hayaletwi hadharani, mama.

Kibirizi: Mzee, lipa.