Kikundi cha Ukoo: Dada anaondoka na pikipiki

Mama: Kaka yako ananiambia unasafiri na pikipiki peke yako. Kilomita mia tano mpaka huko shindano linakoanzia! Mbona mimi naambiwa na watu?

Dada: Shikamoo Mama. Nilitaka nikupigie mchana. Naondoka leo nikitoka kazini.

Mama: Marahaba. Leo USIKU??

Shangazi: Subirini kwanza. Shindano si Jumamosi?

Dada: Ndiyo Shangazi, Jumamosi saa 12 asubuhi. Ila si shindano, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ni SaddleSore 1000 ya Iron Butt Association, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu: maili 1,000 ndani ya saa 24. Risiti zako zikikubaliwa unapewa cheti.

Kaka: Ile ya siku 11?

Dada: Hiyo ni Iron Butt Rally, maili 11,000 kwa siku 11, inafanyika Marekani. Usimtishe Mama.

Kaka: Bibi yuko hapa, anauliza wanapewa cheti na nini tena.

Dada: Pesa hakuna.

Kaka: Amecheka mpaka amekohoa 😂

Baba Mdogo: Maili 1,000 ni kilomita 1,609. Gawa kwa 24 unapata 67 kwa saa. Hata lori langu lilikuwa linafikisha.

Dada: Hiyo 67 ni pamoja na kusimama, Baba Mdogo. Mafuta, maji, choo, kunyoosha mgongo. Vikila saa tano zinabaki 19, nahitaji karibu 85 kwa saa, mchana na usiku.

Baba Mdogo: Hapo nimekuelewa. Sasa si upakie pikipiki kwenye pikapu ya kaka yako ufike na mgongo mzima?

Kaka: Kesho niko huru, naweza kumpeleka.

Dada: Asante Kaka, lakini matairi nimebadilisha juzi. Mapya yanateleza mpaka yatembee kilomita mia na zaidi taratibu, na sitaki kuanza kuyazoea Jumamosi. Halafu sijawahi kufunga mizigo yote hii pamoja. Nataka nijue tangi linanifikisha wapi nikiwa nimebeba hivi, na kama kuna mkanda utakaolegea basi ulegee njiani kwenda, saa hazijaanza kuhesabiwa.

Mimi: Si ungetafuta mwenzako wa kwenda naye?

Dada: Nikienda na mtu naendesha mwendo wake. Tangi lake dogo, nasimama. Simu yake ikilia, nasubiri. Peke yangu nikichoka napumzika, sina wa kumwonea aibu.

Mama: Na pancha je? Na wabaya wa barabarani?

Dada: Matairi hayana tyubu Mama. Nina vifaa vya kuziba na pampu ndogo inayotumia betri ya pikipiki. Na napita barabara kuu mchana, vituo vyenye watu.

Baba Mdogo: Mchana upi? Si umesema unaondoka leo ukitoka kazini?

Dada: Natoka saa 11 jioni, joto likipungua. Saa 6 usiku nimefika.

Baba Mdogo: Leo umeamka saa ngapi?

Dada: Saa 11 alfajiri.

Baba Mdogo: Basi saa 6 usiku utakuwa macho kwa saa 19. Watafiti walishapima hayo: mtu aliyekesha saa 17 anakuwa mzito kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi ukikutwa na hiyo polisi wanakushusha. Mimi nimeendesha lori usiku, ule usingizi wa sekunde tatu naujua. Kwenye lori tairi likishuka pembeni unashtuka, unarudi. Kwenye pikipiki unarudi wapi?

Shangazi: Ee Mola.

Dada: Nitakunywa kahawa.

Baba Mdogo: Kahawa inachukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, na deni la usingizi hailipi, inaliahirisha tu. Utakuja kudaiwa usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa 9, bado kilomita 300. Sikukatazi kwenda, mwanangu. Lala leo, ondoka kesho kukipambazuka. Alasiri umefika, saa 2 usiku uko kitandani.

Dada: Ruhusa ya kesho ninayo tayari...

Baba Mdogo: Sasa?

Dada: Haya. Kesho saa 12.

Mama: Ahsante shemeji 🙏🙏

Kaka: Upepo wa matairi upime kabla hujawasha. Ukipima yakiwa ya moto kipimo kinapanda, utajikuta unatoa upepo bure. Na cheni usiikaze sana, ukikaa juu na mizigo inajikaza yenyewe.

Mama: Nitakuwa nakupigia kila saa.

Dada: Sitasikia Mama, navaa vizibo vya masikio. Ukienda 100 kwa saa kelele za upepo ndani ya helmeti zinapita desibeli 90, na hizo zinachosha kuliko kiti. Nikisimama kujaza mafuta naandika "1" hapa. Mkiona 1 mjue niko salama.

Mama: Na tusipoiona?

Dada: Zikipita saa nne kimya, Kaka anapiga. Namba zenu nimeziandika kwenye karatasi, iko mfuko wa ndani wa koti.

Shangazi: Hizo risiti ni za nini?

Dada: Ndizo ushahidi, Shangazi. Zinaonyesha mahali, tarehe na saa. Muda unaanza kwenye risiti ya kwanza ya mafuta, kwa hiyo mashine ya kituo ikiwa na saa mbovu nimeumia. Naisoma kabla sijaondoka pampuni.

Baba Mdogo: Na kurudi? Jumapili asubuhi utakuwa umekesha.

Dada: Nalala hukohuko. Jumatatu ndiyo narudi.

Baba Mdogo: Vizuri. Ufunguo wa akiba unao?

Dada: Upo, ndani ya sanduku la nyuma.

Baba Mdogo: Sanduku linafungwa na ufunguo gani?

Dada: Huohuo wa pikipiki

Dada: 🤦🏾‍♀️

Mimi: 😂😂😂

Baba Mdogo: Nenda kautoe.

Dada: Nimeshautoa, nautia mfukoni na ile karatasi.