Bagamoyo: kutembea asubuhi kutuliza kichwa, mnapangaje njia na saa?

Mgeni_Magomeni:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kazi yangu ni ya kukaa na simu hailali. Nataka niwe natembea dakika 40 kabla ya saa mbili, lengo ni kutuliza kichwa tu. Tatizo ufukweni siku nyingine maji yamejaa hakuna pa kupita. Na mvua ikinyesha?

Nahodha_Mstaafu:
Marahaba, karibu Bagamoyo. Fuata mwezi kwanza, saa baadaye. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji makubwa: alfajiri maji yako juu, yanakupwa kabisa kuelekea saa tano au saa sita mchana. Siku hizo pita nchi kavu. Tarehe 9 hadi 11 na 24 hadi 26 alfajiri inakukuta maji yako chini. Hayaendi mbali, ni maji mafu, lakini njia ipo. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukiyaona leo, kesho unayajua.

Kanyaga mchanga uliolowa, ule ambao unyayo unaacha alama bila kuzama. Kwenye mchanga mkavu vigimbi vinauma na akili yote inahamia miguuni. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, anza kuelekea kusini, ukupige usoni wewe ukiwa bado na nguvu, urudi ukiwa mgongoni.

Bi_Dunda:
Mwanangu, siku za bamvua nenda barabara ya miembe pale Misheni ya Wakatoliki, misheni iliyoanzishwa 1868. Kivuli kizito, tambarare, magari machache. Magofu ya Kaole ni kama kilomita 5 kutoka mjini, kwenda tu, hayo yaache siku ya mapumziko. Nendeni wawili, vya thamani viacheni nyumbani, kwa sababu ufukwe wa katikati una vipande visivyo na watu kabisa.

Ila huyo wa kwenda naye mkubaliane: maneno ya kazini hapana. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anatembea saa nzima akimsema bosi, anarudi kichwa kimejaa kuliko alivyotoka.

Pumzi_Kwanza:
Simu izime kabisa, usiiweke kimya tu, maana ikitikisika mfukoni umeshatoka. Dakika 10 za mwanzo tembea kawaida, usidhibiti kitu. Halafu vuta pumzi kwa hatua 4, toa kwa hatua 6. Kutoa kukizidi kuvuta, mapigo ya moyo yanashuka. Ukiona kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno. Acha kuhesabu, pumua kawaida. Mwendo uwe ule ambao ungeweza kuzungumza bila kuhema.

Bi_Dunda:
Siku ya mvua kaa barazani usuke ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Ukindu, majani yake ya kusukia, uloweshe kidogo tu: mkavu unakatika, uliolowa sana unaota ukungu. Mikono ikishazoea macho yanabaki huru kutazama mvua, na hapo hata dakika 20 zinatosha.

Mgeni_Magomeni:
Asanteni sana. Na viatu? Nilitaka kwenda peku.

Nahodha_Mstaafu:
Peku sawa, lakini mbali na soko la samaki. Pale kuna miba, vipande vya chupa na ndoano zilizofukiwa mchangani. Vaa sandozi zenye mkanda wa nyuma. Ndala zinabaki kwenye tope.